Kuhamia Marereni

Lori lilipokunja kona ya msikiti, Kahonzi aliwaambia wanawake wafute macho.

"Asilie mtu. Mwenye kusema ni Mzee Ngowa, na bado yuko njiani anatoka Marafa."

Wakafuta. Mmoja alizidiwa, wakampeleka nyuma ya nyumba na leso kinywani. Alfajiri ya siku hiyo Kombe alikuwa ameanguka mlangoni pake akivaa gambuti zake za kwenda kwenye mashamba ya chumvi, na mpaka wanamfikisha hospitali Malindi, alikuwa ameshakata roho. Na ndiyo siku aliyokuwa akiingoja, mkewe na watoto wanahama Kisauni waje wakae naye.

Mtu akitaka kuhamishia familia yake mji mdogo, huambiwa aulize maji, shule na zahanati. Haambiwi kwamba huko muuza mahamri atazijua habari zake kabla hajazijua mwenyewe. Marereni nzima ilijua kwamba Pamela, mke wa Kombe, sasa ni mjane. Lakini habari kama hiyo haropokewi mtu barabarani. Mkubwa wa ukoo wa mume ndiye humpasulia, mke akiwa ameketishwa, na wanawake wenzake wamemshika mikono. Mpaka mkubwa huyo afike, kazi ya jirani ni kufunga mdomo. Kahonzi ndiye mwenye nyumba aliyopanga Kombe, kwa hiyo mzigo ulimwangukia yeye, na alikuwa na hofu.

Pamela alishuka wa kwanza, leso kaifunga kiunoni, macho makavu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Poleni na safari."

"Tushapoa."

Aliwatazama wanaume waliokaa kimya kwenye mikeka uani, kisha sufuria kubwa ya wali kwenye mafiga.

"Watu wengi," alisema.

"Ndivyo tulivyo hapa. Mtu akihamia, tunamlaki."

Pamela aliitikia kwa kichwa tu, akageuka kumshusha Kambi, mtoto wake mdogo.

Abigael, yule mkubwa, alikuwa ameshaingia ndani na kutoka. "Baba yuko wapi?"

Kahonzi alifungua kinywa, lakini Pamela alimtangulia.

"Baba yuko kazini. Wewe nenda ukachague kitanda chako kikae wapi."

Kahonzi alimshukuru Mungu kimoyomoyo. Kumbe walikuwa wameagana na mumewe hivyo, alijiambia. Vijana wakaanza kushusha vyombo.

Pamela alisimama mlangoni akielekeza, hiki huku, hiki kule, kwa sauti isiyopanda wala kushuka. Katikati ya shughuli aliuliza maji. Kahonzi akamweleza kwamba ya kisima ni ya chumvi, ya kunywa huletwa kwa mkokoteni. Akauliza shule. Akaambiwa iko karibu, watoto huenda kwa miguu.

"Na huko kwenye chumvi, wanachukua wanawake?"

"Wanachukua. Lakini kazi ya jua lile ya nini, na mumeo..." Kahonzi akaumeza ulimi.

Pamela hakumuuliza alitaka kumalizia vipi. Alisema kabati lisiegemezwe ukutani penye unyevu.

Kilichoanza kumshangaza Kahonzi, kisha kikamuudhi, ni kwamba mwanamke huyu hakumuulizia mumewe hata mara moja. Hakumpigia simu. Hakuuliza atatoka kazini lini, wala ameonekana vipi siku hizi. Mwanamume amejinyima, amepaka rangi chumba cha watoto kwa mkono wake, na mke anahangaika na kabati.

"Huyu ni mke au mpangaji?" mwanamke mmoja alinong'ona.

"Nyamaza," Kahonzi alisema, ingawa naye alikuwa akiwaza hivyo hivyo. Alimwonea Pamela huruma, na papo hapo alitamani kumtikisa mabega.

Watoto walipakuliwa kwanza, wali na samaki wa nazi, wakakaa sakafuni ndani ya nyumba yao mpya. Abigael hakula upesi. Alichukua sahani nyingine, akamtengea baba yake, akaifunika. Pamela aliifunua, akaongeza kipande kikubwa cha samaki, akaifunika tena.

"Leo tutalala nyumba moja na baba mpaka asubuhi," Abigael alimwambia Kambi, "na kesho pia, na keshokutwa pia." Huko Kisauni walikuwa wamezoea kumwona mwisho wa mwezi, akija jioni na kuondoka kabla hawajaamka. Kahonzi aliyasikia hayo akatoka nje, maana machozi yalikuwa yanamshinda.

Mzee Ngowa, ndugu wa baba yake Kombe, alifika kwa bodaboda jua likielekea kutua. Wanaume walisimama. Hakumsalimu mtu. Pamela aliitwa uani, akaketishwa kwenye mkeka wa mlangoni, Kahonzi upande huu na mwanamke mwingine upande ule, wakamshika mikono. Mikono yake ilikuwa ya baridi. Wengine walisogea karibu, vilio wamevibana vifuani, wakingoja neno moja tu.

Mzee alivua kofia.

"Mama Abigael, mwanangu. Nimekuja na neno zito."

Pamela aliutoa mkono mmoja taratibu, akaliteremsha pazia la mlango ili watoto wasione nje. Kisha akaurudisha mkono kwa Kahonzi.

"Nakuomba, baba, tungoje wanangu wamalize kula, ndipo kina mama walie," alisema kwa sauti ya chini. "Nilipompigia Kombe asubuhi, simu ilipokewa na muuguzi. Tulikuwa hatujapakia hata kiti."