Mteja wa Uhakika

"Ukafie mbele huko na bima yako!"

Mlango ulibamizwa, na wakala akabaki anatazamana na kitasa. Hata salamu alikuwa hajaimaliza. Mtaa mzima ulishamjua: bwana mazishi huyo anakuja, fungeni milango! Na ni watu hawa hawa ambao wakifiwa huzunguka nyumba kwa nyumba kuomba michango ya jeneza. Lakini mwambie mmoja wao aweke kidogo kila mwezi, ili siku yake ikifika wanawe wasiadhirike, atakuona mchawi.

Wateja alishawatafuta kila pembe. Alisimama nje ya karakana ya majeneza, fundi akamfukuza akisema anamletea nuksi. Aligawa kadi makaburini, mjomba wa marehemu akamkimbiza na koleo. Kazi gani hii ya kutwanga maji kwenye kinu?

Asubuhi hiyo mkuu wa ofisi alikuwa amemwita. "Leo ukirudi mikono mitupu, mkoba si wako tena." Mkoba wenyewe ulikuwa wa ngozi, una nembo ya kampuni, na ndio uliokuwa ukiwalisha wanawe. Halafu, ajabu, mkuu yule asiyempa mtu hata kalamu akampa anwani. "Huyu mama ni wa uhakika. Mweleze yote, usimfiche kitu."

Sasa ilibaki anwani hiyo tu. Akapiga hodi huku meno ameyauma.

"Karibu, mwanangu! Nilikuwa nakungoja."

Alikuwa mwalimu mstaafu, mama mchangamfu, na chai ilishawekwa mezani. Wakala nusura alie. Hakukumbuka mara ya mwisho kuambiwa karibu.

Akaeleza bima yake mwanzo hadi mwisho. Mama alimsikiliza kwa makini, kisha akauliza, "Mbona kifo chenyewe hukitaji?"

"Ukikitaja, mama, mlango unafungwa. Sisi tunasema 'siku ile.'"

"Siku ile," mama akarudia polepole, kama anayeonja chumvi ya mchuzi. "Na mtu akisema hana hela?"

"Namuuliza msiba wa mwisho kwao nani aliulipia. Halafu nanyamaza."

"Unanyamaza tu?"

"Kabisa. Atajijibu mwenyewe."

Mama akacheka, akammiminia chai nyingine. Akataka kujua ni saa ngapi watu hukubali kusikiliza, na ni nyumba gani hapo mtaani ina mbwa mkali. Wakala akamwambia yote, hata zile mbinu ambazo hajawahi kumwambia wakala mwenzake. Hasira za wiki nzima zilikuwa zinamtoka. Kumbe watu wenye akili bado wapo, ila yeye alikuwa anagonga milango ya wapumbavu!

Akatoa fomu na kalamu, akavisogeza mbele ya mama.

Mama akatazama saa ya ukutani. "Ngoja kwanza nijiandae," akasema, akaingia chumbani.

Kaenda kuchukua kitambulisho, wakala akajiambia. Baada ya dhiki, faraja. Jioni ataingia ofisini bila hodi, aibwage fomu mbele ya mkuu, amtazame machoni mpaka mwenyewe aone haya. Akamaliza chai yake kwa raha.

Mama akarudi amevaa raba na kofia ya jua.

"Haya, twende kabla jua halijawa kali. Tunaanza na mlango gani?"

"Twende wapi tena, mama? Bado hujasaini."

Mama akamshangaa. "Kusaini? Nilishasaini jana ofisini kwenu. Mkuu wako hakukwambia? Kasema leo unanifundisha kazi," akainama, akauokota mkoba, akautundika begani, "na tukimaliza, huu unaniachia mimi."