Maua ya Shingoni

Bi Zamzam hakuwahi kumpaka bibi harusi piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea maua, ambayo hajaijaribu mwenyewe. Alichovya kijiti bakulini, akadondosha tone katikati ya kiganja chake, akangoja. Hapakuwasha. Kiganja hicho kilikuwa kigumu kama unyayo, baada ya miaka thelathini ya kuponda hina.

Leo alizidisha rangi ya nywele kwenye mchanganyiko, maana Wahida, bibi harusi mwenyewe, alitaka maua meusi tii, tena yapande mpaka shingoni. Shingo yenyewe ilikuwa imesuguliwa kwa singo ya kulainisha ngozi siku saba, na asubuhi hiyo ikang'olewa nywele zote za malaika. Ilikuwa laini, imeiva wekundu, mishipa inaonekana.

"Bi Zamzam, panachoma," alisema Wahida, maua ya kwanza yalipofika shingoni.

"Vumilia, mwanangu. Mimi mwenyewe nimeijaribu." Akamwonyesha kiganja, tone limekaukia pale kama wino.

 Punde Wahida akajigusa mdomo. "Mbona midomo yangu imekuwa mizito?"

Bi Zamzam akachukua kitambaa cha maji, akafuta. Piko ikatoka, maua yakabaki. Akasugua kwa nguvu zaidi. Ukumbini vigelegele vilikuwa vimeanza, na mtu akagonga mlango akiuliza kama bibi harusi yuko tayari.

 Bi Zamzam alikuwa ameweka kidole juu ya ua la kwanza. Kidole, kigumu kama kiganja chake, hakikuhisi kitu. Macho yake ndiyo yaliyoliona likivimba na kuinuka kutoka kwenye ngozi, polepole, kama linalotaka kuchanua.