Kobe Aliyekataa Kuitika

Zamani, wanyama walipopanga foleni kisimani, mlinzi mpya, Tumbili, aliita kutoka mtini, "Mwanakheri, njoo unywe."

Kobe, bibi mwenye vitukuu, hakusogea. Jina hilo alikuwa akiitwa na marehemu mama yake, na huyu hata salamu hakutoa.

"Si jina lako hilo?"

"Ni langu. Na wewe nikuite nani, mjukuu wangu?"

"Niite Bwana Mlinzi."

"Kumbe heshima unaijua, ila unajiwekea mwenyewe." Kobe akaketi papo hapo, koo limemkauka. "Basi sinywi."

Swala akaketi nyuma yake, kisha Nyati. Tumbili aliita majina yote, hakuna aliyeitika. Kufika adhuhuri alikuwa analinda maji yasiyo na mnywaji. Akashuka, akainama.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba," akasema Kobe, akanyanyuka bila haraka, na foleni nzima ikanyanyuka naye.