Mama wa Kwenye Video

Sudi alipotengeneza video ya kutangaza sabuni zake mtandaoni, alimwomba mama yake ajifanye mteja. "Huyu kaka simjui," mama alisema mbele ya simu, "lakini sabuni yake imeniondolea vipele." Maelfu waliitazama.

Leo mama alimletea chakula dukani, akakuta wateja wamejaa. Mwanamke mmoja akamtambua.

"Si ndiye wewe wa kwenye video? Kweli humjui huyu?"

Mama alimtazama mwanawe. Sudi akainama, akajifanya anapanga sabuni.

"Simjui," mama akasema. Akaificha hotipoti ndani ya kanga, akaenda kusimama mwisho wa foleni.

Zamu yake ilipofika, Sudi hakuinua macho.

"Karibu, mama," alisema, kama alivyowakaribisha wote.