Mshale wa Bi Mwanaate

Siku hizi kila nyumba hupimiwa dhana moja, kwamba upendo wa mama ndio uletao furaha ya mwana. Mama hujaza dodoso, mashine huchora mshale kutoka upendo wa mama hadi furaha ya mwana, na mshale usipothibitika mtoto huhamishiwa mama mwingine.

Bi Mwanaate, mama yake Shufaa, alijaza kama alivyolelewa, maana mtoto hasifiwi mbele ya wageni, asije akapatwa na jicho. Unampenda kiasi gani? Akatia moja kati ya tano.

“Mshale wako haukusimama, mama,” karani alimwambia, keshamshika Shufaa mkono.

“Baba, nilikuwa naikimbia husuda tu. Nipe karatasi nyingine.”

“Majibu yameshafungwa.” Karani akamtazama mtoto kwa huruma. “Na binti mzuri hivi.”

“Mzuri wapi, sura kama kima,” Bi Mwanaate akajibu kabla hajajizuia, na karani akaliandika na hilo.