Mafiga ya Bi Pimbi

Nungunungu alimwoa Bi Pimbi wote wakiwa watu wazima, kila mmoja na nyumba yake na mafiga yake matatu ya kupikia. Siku ya kuhamia, bibi harusi alikuja na mafiga yake kikapuni.

“Mke wangu, kwangu mna mafiga tayari,” akasema Nungunungu, mbishi asiye na mfano. “Hayo yatupe.”

“Haya ni ya marehemu mama, bwana. Tupa yako.”

Basi mume akapika ndani, mke akapika uani. Jirani yao Ngedere, mpenda fitina, akachungulia uani akacheka. “Nyumba moja, vyungu viwili! Ndoa hii haifiki mavuno.”

Maneno yale yaliwachoma wote wawili. Kesho yake jioni wakakutana mlangoni, mmoja akitoka, mwingine akiingia, kila mmoja amekumbatia figa moja.

“Mengine nimeyatupa bondeni,” akasema Bi Pimbi. “Nimebakiza hili tu. Nipe nafasi jikoni kwako.”

“Jiko gani?” akajibu Nungunungu. “Mimi nami nimebakiza hili tu, nilikuwa nakuletea.”

Wakacheka mpaka wakakaa chini, maana chungu hakikai juu ya mafiga mawili. Wakaenda pamoja kutafuta la tatu.

Wakati wa mavuno Ngedere akaja, akala kunde zao akashiba, kisha akamnong'oneza Bi Pimbi, “Lipi lako hapo?”

Bi Pimbi akainama kutazama. Mafiga yote yalikuwa meusi kwa masizi. Akamwita mumewe. Nungunungu naye akainama, akatazama sana, na kwa mara ya kwanza akakosa la kubisha.