Nati za Upande wa Ndani

Katika mtaa wa Bi Mwanakheri, sheria ilisema kijana akioa haondoki kwa mama yake. Chumba cha mkewe ndicho huletwa kwa winchi na kuunganishwa na nyumba ya mkwe. Nyumba ya Bi Mwanakheri, fundi wa kuchomelea, ilikuwa ya alumini. Chumba cha Salha, mke wa mwanawe, kilikuwa cha chuma, na alumini na chuma havishikani kwa moto.

"Nina gundi," Bi Mwanakheri alimwambia Salha, amechoka hata kabla ya kushika kazi. "Ikikauka imekauka, hata mkikosana."

"Na nati je, mama?" Salha aliuliza. "Hizo si hufunguka?"

Bi Mwanakheri akachukua drili. Chumba chake mwenyewe kilichomelewa kwa mama mkwe angali bibi harusi, alumini kwa alumini, wala hakuna aliyemuuliza. Akatoboa matundu, akaweka mpira katikati ili metali hizo zisilane kwa kutu, akapitisha bolti. Nati akazielekeza ndani kwa Salha, akamwachia na spana.

Mwanawe hakuambiwa. Lakini tangu siku hiyo, kila akibandika chai, Bi Mwanakheri huzima redio na kutega sikio ukutani, asikie kama spana imeanza kulia.